Kubonyeza "Nakubali" Si Kukubali Kudhalilishwa

Kila mara mtu anapodhalilishwa na wakopeshaji wa mtandaoni, jibu huwa lile lile: alikubali mwenyewe. Alipakua programu kwa hiari yake, akabonyeza, hela ikaingia, sasa analia nini? Dawa ya deni kulipa. Nalisikia kwenye daladala, nalisoma chini ya kila habari ya mikopo hii, na hulisema hata watu wema ambao wasingemtukana jirani kwa sababu ya elfu hamsini. Ni jibu la uongo, na linawalinda wakopeshaji hawa, kausha damu, kuliko wakili yeyote wanayeweza kumlipa.

Tuanze na huko kukubali kwenyewe. Tangazo huja kwa Kiswahili safi: mkopo wa haraka, bila dhamana, bila mdhamini. Mama anayeuza chapati, ambaye mtaji wake umeishia hospitali, anapakua. Programu inaomba ruhusa ya kuingia kwenye majina yaliyomo kwenye simu, kisha ujumbe mfupi, kisha picha. Akikataa mojawapo, haendi mbele. Halafu yanakuja masharti, kwa Kiingereza, maandishi madogo yasiyoisha, na chini yake kitufe kikubwa cha kijani. Anabonyeza. Ameomba 50,000, anaingiziwa 35,000, maana 15,000 zimekatwa juu kwa juu na kuitwa ada ya huduma. Baada ya siku 7 anadaiwa 50,000 kamili. Piga hesabu: kwa wiki moja ametozwa karibu asilimia 43 ya kile alichoshika mkononi, na hesabu hiyo hakuonyeshwa popote kabla hela haijaingia.

Kwa asiyeona ni vibaya zaidi. Simu yake humsomea maandishi ya kwenye skrini kwa sauti, lakini mara nyingi haimsomei ada iliyowekwa ndani ya picha, wala kitufe ambacho mtengenezaji hakukipa jina. Anachosikia ni "kitufe", basi. Naye tutamwambia alikubali? Kampuni hizi zinakijua Kiswahili wakati wa kutangaza, na zinakijua vizuri mno wakati wa kudai. Masharti yakibaki kwa Kiingereza peke yake, ni kwa makusudi.

Haya, tuseme yule mama alisoma kila neno na akaelewa. Bado hoja haisimami, kwa sababu hakuna aliyemuuliza shangazi yake. Namba ya shangazi, ya mchungaji, ya mwalimu wa mtoto, ya fundi bomba aliyekuja mara moja tu, zote zimechukuliwa, na tarehe ya kulipa ikipita zinaanza kupokea ujumbe. Mimi nimeshaupokea. Uliniita mdhamini wa mtu ambaye sikuwahi kumdhamini, ukataja majina yake matatu na kiasi anachodaiwa, ukanitaka nimwambie alipe kabla ya saa kumi jioni, la sivyo hatua zingechukuliwa dhidi yetu wote. Wengine hutumiwa hadi picha ya mdaiwa akiwa ameshika kitambulisho cha NIDA, ile aliyojipiga wakati wa kuomba mkopo, sasa imeandikwa TAPELI kwa herufi nyekundu. Waliposema hawahitaji dhamana walikuwa wanadanganya. Dhamana ilikuwa heshima yake mbele ya watu wake.

Sipingi madeni kulipwa. Mangi wa dukani anawadai nusu ya mtaa, daftari limejaa, na bado hampigii simu mkwe wa mtu. Mwenye kudai ana barua, ana serikali ya mtaa, ana mahakama ya mwanzo. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kuna Tume ya kuisimamia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kumsumbua na kumtisha mtu kwa simu au kompyuta. Deni halimwondoi mtu kwenye ulinzi wa sheria hizo. Google yenyewe, tangu Mei 31, 2023, imezikataza programu za mikopo kwenye duka lake kuingia kwenye majina na picha za mtumiaji. Kama kukubali kungetosha, katazo hilo lingekuwa la nini?

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha mtandaoni bila leseni. Ni hatua nzuri, lakini programu hubadilisha jina na rangi, kisha hurudi kwa kiungo kinachosambazwa WhatsApp, nje kabisa ya duka la Google. Nasi tunaisaidia. Picha ya mdaiwa ikitua kwenye kundi la kikoba au la ukoo, kabla haijapoa kuna mwenye kuipeleka kundi lingine na kuongeza neno la kejeli. Kazi ya mkopeshaji tunaifanya sisi, tena kwa bando letu.

Ujumbe wa matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" tumeshazoea kuupeleka 15040, namba ya kuripoti utapeli, na hakuna anayemlaumu aliyetumiwa. Ujumbe wa vitisho vya mikopo nao upelekwe polisi, upelekwe Tume, na upokelewe kama shauri, mtu asiulizwe kwanza kwa nini alikopa. Wahusika hawajajificha kiasi hicho. Tangu mwaka 2020 laini za simu nchini ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole zimekuwa zikizimwa. Kwa hiyo kila laini ya hapa nchini inayomwita mama wa chapati tapeli ina jina, ina kitambulisho, na ina kidole cha mtu.