Tuzo ya Riwaya ya Kwanza, Tena ya Ajabu

Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, alianza na Rosa Mistika mwaka 1971. Nagona, riwaya yake ya ndoto na mafumbo, ilitoka 1990. Kufikia hapo alikuwa na riwaya nne na jina kubwa. Sasa jiulize: angekuwa mgeni, akaanza na Nagona, nani angethubutu kuichapa?

Hapo ndipo tuzo zinapotuangusha. Ile ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa 2014 na baadaye ikaitwa Safal-Cornell, imekibeba Kiswahili, sikatai. Tuzo ya Mwalimu Nyerere nayo imefungua mlango. Lakini kwenye riwaya, roboti na majini yanapimwa mzani mmoja na ndoa na siasa, na anayeanza anajua kabisa mzani unaegemea wapi. Basi anaandika ndoa.

Mtasema mambo ya ajabu ni ya Wazungu. Acheni hizo! Sangara aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, akafyeka aina nyingi za furu, kisha minofu yake ikapandishwa ndege kwenda Ulaya. Andika hayo kwenye muswada, utaambiwa umezidisha chumvi. Sisi huku Mwanza tunayaishi.

Naomba kipengele kimoja tu: riwaya ya kwanza ya mwandishi, iwe ya kisayansi au ya fantasia, isomwe na majaji wanaozipenda. Kijana wa Kirumba asingoje jina kubwa ndipo aruhusiwe kuota.