Makocha Wetu Nao Wavuke Mipaka

Jackson Mayanja alikuwa kiungo wa KCC na timu ya taifa ya Uganda, kisha akacheza soka la kulipwa Misri na Tunisia. Alipotundika daluga aligeukia ukocha. Alivuka mpaka hadi Tanzania, akafundisha Kagera Sugar, akapita Coastal Union ya Tanga, na Januari 2016 Simba ikampa timu baada ya kumtimua Mwingereza Dylan Kerr.

Alipoletwa Mkameruni Joseph Omog kuwa kocha mkuu, Mayanja akawa msaidizi wake. Mei 2017 Simba ilitwaa Kombe la FA kwa kuifunga Mbao 2-1, na benchi la Mbao nalo liliongozwa na mgeni: Mrundi Etienne Ndayiragije. Miaka miwili baadaye Ndayiragije alikabidhiwa Taifa Stars.

Na sisi wa Morogoro je?

Mkoa wa Morogoro haujakosa vichwa vya soka. Mtibwa Sugar ilibeba ubingwa wa Bara mwaka 1999 na 2000, na aliyekuwa nahodha wake, Mecky Maxime, aliifundisha klabu hiyohiyo kabla ya kwenda Kagera Sugar. Ni safari nzuri, ila imebaki ndani ya nchi.

Kipaji pekee hakimvushi mtu. Leseni za ukocha za CAF ndizo zinazofungua milango. TFF na vyama vya mikoa walete kozi za awali hadi Ifakara na Kidatu, ili wachezaji wa bonde la Kilombero waanze kusomea ukocha wakiwa bado uwanjani.