Kope ikisumbua tena baada ya upasuaji, rudi mapema

Kuna wagonjwa ambao wakishapasuliwa kope hawaonekani tena kliniki. Walifika wakisumbuliwa na vikope, wakafanyiwa upasuaji, wakapata nafuu kwa miezi kadhaa, kisha nywele zikaanza tena kuchoma jicho. Wengine jicho halifungi vizuri, au ukingo wa kope umebaki na pengo linaloonekana na kila mtu. Hawarudi. Wanaona aibu, wanahesabu nauli iliyokwisha kutumika, na jirani akiwauliza wanamjibu kwamba upasuaji haufai.

Makala ya leo ni kwa ajili yao, na kwa ajili yako wewe mwenye mama, bibi au shangazi wa namna hiyo nyumbani. Ujumbe ni mmoja: kasoro nyingi zinazobaki baada ya upasuaji wa kope zinarekebishika, lakini jicho linalokwaruzwa halina muda wa kusubiri.

Tuelewane kwanza. Kope hapa ni ile ngozi inayofunika jicho, ya juu na ya chini. Zile nywele tutaziita nywele za kope. Vikope, au trakoma, husababishwa na bakteria na kwa kawaida huanza utotoni. Mtoto akiambukizwa mara kwa mara, ndani ya kope hubaki makovu. Makovu hayo hukaza polepole kwa miaka mingi, mpaka kope ijikunje kuelekea ndani na nywele zake zianze kukwaruza konea, yaani kioo cha mbele cha jicho. Ndiyo maana wengi wanaopasuliwa ni watu wazima, hasa wanawake, ambao hushinda na watoto wenye maambukizi.

Upasuaji hufanyika kwa ganzi ya sehemu na kazi yake ni kugeuza ukingo wa kope utazame nje tena. Hauondoi kovu. Kwa hiyo kope inaweza kujikunja upya. Tafiti za nchi mbalimbali zimetoa majibu yanayotofautiana sana: nyingine zimeona tatizo likirudi kwa mgonjwa chini ya 1 kati ya 10 baada ya mwaka mmoja, nyingine kwa takriban 6 kati ya 10 baada ya miaka 3. Ukali wa kovu la awali na umahiri wa mpasuaji vyote vina nafasi yake. Ikikutokea, usijilaumu, na usiamini kwamba ndio mwisho wa matibabu.

Kila kasoro ina njia yake.

Kama ni nywele chache tu zinazogusa jicho, hasa pembeni, mhudumu aliyefundishwa anaweza kuzing'oa kwa kibanio kizuri. Huota tena baada ya wiki kadhaa, hivyo ni lazima urudi. Kung'oa nyumbani kwa kibanio butu ni hatari, kwani nywele hukatika na kisiki chake huchoma zaidi ya nywele nzima. Katika hospitali kubwa, nywele chache zinaweza pia kuharibiwa mzizi kwa umeme au kwa baridi kali.

Kama kope nzima imejikunja tena, dawa yake ni upasuaji wa pili. Huu ni mgumu kuliko wa kwanza, kwa sababu daktari anakata penye kovu juu ya kovu. Usikubali ufanywe na mtu asiye na uzoefu wa kurudia. Omba rufaa kwa daktari bingwa wa macho.

Kama kope imevutwa kupita kiasi na jicho halifungi, wahi. Ikigundulika katika siku za kwanza, mhudumu anaweza kulegeza au kutoa nyuzi. Ukichelewa, huenda ukahitaji kuachiwa kovu kwa upasuaji na pengine kuwekewa kiraka cha ngozi. Kwa kope ya chini iliyoning'inia na kumwaga machozi, daktari anaweza kuikaza upande wa pembeni. Wakati unasubiri, jicho lilindwe kwa dawa ya mafuta utakayoandikiwa, hasa usiku, lisikauke.

Kama pameota kinyama penye mshono, kwa kawaida hukatwa kirahisi. Na kama shida ni pengo au mkunjo mdogo unaoharibu sura tu, bila nywele kugusa jicho na jicho likiwa linafunga, usiharakishe. Acha kovu lilainike kwa miezi kadhaa, kisha muamue na daktari kama kurekebisha kuna faida kuliko kuacha. Kanuni hii inawahusu pia wanaopasuliwa kope za chini kwa ajili ya urembo, kupunguza mifuko ya macho, kisha wasiridhike na matokeo.

Lakini zipo dalili zisizosubiri hata siku moja: maumivu makali, usaha, kuona kunakopungua ghafla, damu isiyokoma, au doa jeupe kwenye kioo cha jicho. Ukiziona, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usitie jichoni maji ya majani, asali wala dawa ya jirani.

Kabla ya kukubali upasuaji wa pili, uliza maswali manne. Kasoro yangu hasa ni ipi? Nani atanipasua, na amewahi kurudia kope ngapi? Nitegemee nini, na nini hakitabadilika? Nirudi lini kuangaliwa? Swali la tatu lina uzito wake. Upasuaji huzuia jicho lisiendelee kuharibika, lakini hausafishi doa lililokwisha kuingia kwenye konea. Kila mwezi unaopita nywele zikikwaruza unaweza kuongeza doa hilo.

Ukiwa Kalemela au kijiji kingine chochote mkoani Simiyu, anzia zahanati au kituo cha afya. Omba upelekwe kwa mtaalamu wa macho wa wilaya, na ikibidi hospitali ya rufaa ya Bugando, Mwanza. Beba kadi au karatasi ya upasuaji wa kwanza. Uliza mapema kama siku ya kliniki ya macho ni lini, usije ukapoteza nauli.

Sasa neno kwa wanaopanga huduma. Shirika la Afya Duniani linashauri aliyepasuliwa vikope aangaliwe siku inayofuata, kisha kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha kati ya mwezi wa 3 na wa 6. Safari hiyo ya tatu ndiyo inayoonyesha kama kope imetulia, na ndiyo rahisi kusahaulika, kwa sababu kambi imekwisha kuhama. Kambi ya macho isijisifu kwa idadi ya waliopasuliwa tu. Itaje pia wangapi walifuatwa na kuangaliwa baada ya miezi 6. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii mwenye orodha ya majina anaweza kuifanya kazi hiyo nyumba kwa nyumba.

Na wewe mzazi, fahamu kwamba kope inayopasuliwa katika uzee ilianza kuharibika utotoni. Utafiti uliofanyika Kongwa, Dodoma, na kuchapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba watoto waliodumu na nyuso safi walikuwa na nafasi ndogo ya kupata trakoma kali. Mnawishe mtoto uso kila siku, hata kwa maji kidogo, usimfute kwa kitambaa cha mwenzake, tumieni choo, na dawa za kumeza za trakoma zikigawiwa kijijini, asikose.

Kwa aliyekwisha kupasuliwa, simama leo mchana penye mwanga na umwombe mtu akutazame. Je, kuna nywele inayogusa jicho? Ukifumba kama unalala, jicho linafunga lote? Kama jibu la kwanza ni ndiyo, au la pili ni hapana, safari ya zahanati ianze wiki hii.