Mbwa Anayefyata Mkia Si Mbwa Bure

Wako wengi hapa kwetu ambao wakimwona mbwa amefyata mkia husema papo hapo kuwa huyo ni mbwa bure, hafai hata kulinda kuku. Mwenyewe humfokea na kumvuta kwa mnyororo, na mbwa akizidi kuogopa huchapwa fimbo, ati apate ujasiri. Mimi nayapinga hayo. Homa ya mtoto haitolewi kwa kofi, wala woga wa mbwa hautolewi kwa fimbo.

Uko mchezo ambao huenda baadhi ya wasomaji wameuona katika televisheni, nao ni ule wa mbwa kuruka viunzi. Ulianza Uingereza mwaka wa 1978, katika maonyesho ya mbwa ya Crufts mjini London. John Varley, mmoja wa wanakamati, alitafuta jambo la kuwachangamsha watazamaji wakati wa mapumziko, naye Peter Meanwell akamsaidia kubuni mashindano yaliyoigwa kutoka kwa farasi warukao vizuizi. Mnamo 1980 Kennel Club ya huko iliutambua rasmi, na siku hizi huchezwa katika nchi nyingi. Mbwa huruka, hupenya ndani ya bomba la kitambaa, hujipinda kama nyoka kati ya vijiti 12, hupanda mbao zilizosimamishwa kama paa la nyumba. Mwenyewe hukimbia kando akimwelekeza kwa mkono na sauti. Akimgusa, huhesabiwa kosa.

Sasa, ndugu msomaji, ikiwa huna ruhusa ya kumgusa mbwa, utamlazimisha vipi? Hapana njia ila yeye mwenyewe apende.

Kifaa kinachowashinda mbwa wenye haya ni ule ubao uliowekwa juu ya mhimili, mfano wa ule ambao watoto hupandishana na kushushana. Mbwa akipita katikati, ubao huinama na kugonga chini kwa kishindo. Mbwa jasiri hushtuka kidogo akaendelea. Mwenye haya huruka akatoroka, na kesho hataki hata kuukaribia. Basi mafundi wa kazi hii hawaanzi na ubao huo. Huanza na kipande cha ubao kilicholazwa juu ya kijiwe, kikitikisika kidogo tu. Mbwa akiweka mguu mmoja, hupewa kipande cha nyama. Akiweka miwili, hupewa kingine. Akitaka kuondoka huachwa aende, maana anayejua kuwa njia iko wazi hurudi mwenyewe. (Na anayesema kuwa nyama hiyo ni hongo ajiulize kama yeye angefanya kazi bila mshahara.) Kishindo nacho hufundishwa peke yake: blanketi nene huwekwa chini ya ncha ya ubao, kisha hupunguzwa siku kwa siku. Somo lenyewe ni la dakika chache, na hukomeshwa mbwa angali ana hamu.

Hali kadhalika bomba hukunjwa likawa fupi, ili mbwa amwone mwenyewe upande wa pili, na ufito wa kiunzi hulazwa chini kabisa kabla ya kuinuliwa.

La muhimu kuliko hayo yote ni kumsoma mbwa. Akipiga miayo bila usingizi, akalamba midomo bila chakula, akageuza uso au akaanza ghafla kunusanusa ardhi, ana wasiwasi. Asiyezijua dalili hizo hudhani anadharauliwa, na hapo ndipo fimbo huinuliwa.

Atasema mtu kuwa hayo ni mambo ya watu wenye nafasi, mbwa wake yeye ni wa kulinda boma. Sawa, lakini mbwa anayeuma kwa woga hachagui mwizi. Humuuma mtoto wa jirani aliyekuja kuomba chumvi, na kichaa cha mbwa kingali kinaua watu katika nchi hii. Na mara nyingi woga huo tumeutia sisi. John Paul Scott na John Fuller, waliochapisha utafiti wao Marekani mwaka wa 1965, walieleza kuwa mtoto wa mbwa huzoea watu hasa kati ya wiki ya 3 na ya 12 ya maisha yake. Sisi wakati huo humfungia kibandani, ati awe mkali. Kweli wako wanaozaliwa na haya, lakini hata hao husaidika.

Wala hapahitajiki vifaa vya London. Gogo lililolala, tairi kuukuu la gari na kipande cha ubao vyatosha. Anayetaka kujaribu aanze jioni jua likipungua, mbwa akiwa na njaa kidogo, na watoto wa jirani wakiwa wamekwenda zao.