Mafao ya Majaji Yapimwe kwa Sheria, Si kwa Hisani

Mkulima wa kahawa wa Igamba, wilayani Mbozi, akisikia kwamba leo tunazungumzia kiinua mgongo cha majaji, huenda akatuuliza jambo hilo linamhusu nini. Mwalimu wa huko huko Igamba naye atauliza kwa ukali zaidi, kwani anayo madai yake kuhusu pensheni yake mwenyewe. Maswali hayo ni ya haki, na yote mawili yanastahili majibu.

Mkulima huyo akigombana na mtu mwenye uwezo juu ya mpaka wa shamba, shauri lake laweza kuanzia katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya na kuishia, kwa njia ya rufani, mbele ya Jaji wa Mahakama Kuu. Siku hiyo mkulima hana ngao nyingine isipokuwa moyo wa jaji usioyumba. Jaji ambaye uzee wake umelindwa na sheria hana sababu ya kumwogopa mkubwa wala ya kumtazama tajiri kwa jicho la matumaini. Lakini jaji asiyejua atakula nini baada ya kuvua joho yumo majaribuni kila siku. Wahenga walinena kwamba mwenye njaa hana miiko. Kwa hiyo malipo ya uzeeni ya jaji si zawadi kwa jaji. Ni boma la mwananchi.

Katiba yetu ya mwaka 1977 inaitambua kweli hiyo. Ibara ya 142 inaagiza kwamba mishahara ya majaji pamoja na malipo yao ya uzeeni itoke katika Mfuko Mkuu wa Hazina, na kwamba masharti ya kazi yao yasibadilishwe kwa namna ya kuwapunguzia maslahi. Mwaka 2007 Bunge lilitunga sheria mahsusi ya mishahara na mafao ya majaji. Kwa jaji anayefikia umri wa kustaafu kwa lazima, yaani miaka 60 kwa Mahakama Kuu na miaka 65 kwa Mahakama ya Rufani, njia ni nyeupe.

Utata huanza pale jaji anapoondoka mapema. Ibara ya 110 inamruhusu Jaji wa Mahakama Kuu kustaafu kwa hiari baada ya kutimiza miaka 55, isipokuwa kama Rais ataagiza kwamba asistaafu mpaka upite muda atakaoutaja. Na wapo wanaoondoka si kwa kustaafu bali kwa kujiuzulu. Mwezi Mei 2017, kwa mfano, Ikulu ilitangaza kwamba Rais John Magufuli ameridhia maombi ya majaji wawili wa Mahakama Kuu, Aloysius Mujulizi na Upendo Msuya, ya kuacha kazi. Mara jaji anapoondoka kwa njia hiyo, swali linalozuka ni moja: anastahili kuondoka na nini, na ni nani mwenye kauli ya mwisho?

Majirani zetu wa Kenya walilikabili swali hilo kwa machungu. Mwezi Oktoba 2003, baada ya taarifa ya kamati iliyoongozwa na Jaji Aaron Ringera, majaji 23 walitajwa kuwa na tuhuma, watano wa Mahakama ya Rufani na 18 wa Mahakama Kuu. Waliambiwa wachague: waondoke wenyewe upesi, au wasimamishwe na kufikishwa mbele ya mabaraza ya uchunguzi. Baadhi waliondoka. Wengine walikataa, akiwamo Jaji Philip Waki, ambaye baraza lilimwona hana hatia mwaka 2004, akarudi kitini. Mwaka 2008 ndiye aliyekabidhiwa kuongoza tume ya kuchunguza ghasia zilizofuata uchaguzi mkuu.

Hapo pana fundisho zito. Mafao yanapogeuzwa kuwa chambo cha kumwondoa jaji kimya kimya, taifa hupata hasara mara mbili. Kama ana hatia, ameondoka bila ushahidi kusikilizwa, na waliodhulumiwa na hukumu zake hawataujua ukweli. Kama hana hatia, amefukuzwa kwa hofu ya kukosa riziki, na wenzake waliobaki wamejifunza kuogopa.

Marekani wamechagua njia nyingine. Huko jaji wa shirikisho hushika kiti maisha yake yote, na ili astaafu akiwa na malipo kamili hana budi awe na umri wa miaka 65 na utumishi wa miaka 15. Anayeongeza umri hupunguziwa miaka ya utumishi, mpaka miaka 70 kwa utumishi wa miaka 10. Anayejiuzulu kabla ya kufikia kipimo hicho, na asiwe mgonjwa, hapati pensheni hiyo hata kidogo. Kanuni hiyo ni kali mno kwa hali yetu, lakini ina sifa moja ambayo yafaa tuithamini. Kila jaji aijua tangu siku ya kula kiapo, na hakuna mkubwa yeyote awezaye kuilegeza kwa rafiki au kuikaza kwa mbaya wake.

Kwa maoni yetu, haki ya jaji anayeondoka mapema isimame juu ya misingi minne. Kwanza, anayeondolewa na maradhi alipwe kana kwamba amemaliza muda wake, kwani ugonjwa si kosa. Pili, anayeondoka kwa hiari, akiwa na afya njema, apate kwa kadiri ya miaka aliyotumika, asinyang'anywe alichokitolea jasho wala asipewe sawa na aliyevumilia mpaka mwisho. Tatu, anayejiuzulu huku akituhumiwa, uchunguzi uendelee mpaka ukweli ujulikane, na mafao yasubiri matokeo. Nne, hesabu yote ifanywe kwa jedwali la sheria. Mahali popote palipoachwa kwa hiari ya mtu pazibwe, kwani kinachotolewa kwa hisani chaweza kuzuiliwa kwa chuki.

Sasa tumgeukie mwalimu wa Igamba. Yeye hukatwa asilimia tano ya mshahara wake kila mwezi kwa ajili ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, na anatakiwa kutimiza michango ya miezi 180 ndipo apate pensheni ya kila mwezi. Tangu mifuko ilipounganishwa mwaka 2018 amesikia mabishano mengi juu ya kikokotoo, na amejifunza jinsi inavyouma kanuni za uzeeni zinapobadilika mtu akiwa karibu na mlango wa kutokea. Je, amwonee jaji kijicho?

La hasha. Kilio cha mwalimu na hoja ya jaji vina mzizi mmoja, nao ni kwamba mtumishi ajue mapema atapata nini, na ahadi aliyopewa isigeuzwe njiani. Mwalimu anayo haki ya kudai kwamba jaji mwenye afya aliyetumika miaka michache asipewe pensheni nzima kutoka Hazina inayojazwa na kodi yake. Lakini asidai kwamba jaji atupwe mikono mitupu, kwani siku mwalimu huyo atakapodhulumiwa, na mdaiwa wake akawa Serikali yenyewe, atahitaji kumkuta kitini mtu asiyehofia kesho yake.

Bunge lililotunga sheria ya mwaka 2007 linao uwezo wa kuikagua sheria hiyo kwa vipimo hivyo vinne na kurekebisha kila kitakachoonekana kupwaya. Kazi hiyo ifanyike sasa, wakati hakuna jaji mlangoni ambaye jina lake litatufanya tupendelee au tukomoe. Sheria inayotungwa kwa ajili ya mtu mmoja haijapata kuwafaa wengi.