Metreri wetu wafundishwe kuchunguza namba, si kupima tu

Tangu sheria ya migodi ya 2018, kila kompani yenye kuchimba inapaswa kutoa angalau 0,3% ya mauzo yake ya mwaka juu ya maendeleo ya vijiji vyenye kuizunguka. Ikiuza kwa dola milioni 100, ni dola 300.000. Makuta hayo njo yanajenga shule, vituo vya afya na visima. Lakini nani anahesabu?

Ni metreri, mutu mwenye kupima plani na kutayarisha devi. Zamani alitumia kalamu, leo ni ordinateri. Vijana wengi wanatoka shuleni wanajua kupima, ila kuchunguza namba hawakufundishwa.

Tuchukue mufano. Darasa la metre 9 kwa 7 lina kuta za metre 32 kwa kuzunguka. Kimo kikiwa metre 3, ni metre mraba 96, bila kutoa milango na madirisha. Mutu akikosea, akaandika 3,5, inakuwa 112. Kwa madarasa 6, kosa hilo moja linazidisha metre mraba 96: kuta za darasa zima zimelipwa na hazitajengwa. Ordinateri haitamuonya mutu; inajumlisha tu.

Na bei je? Simenti yenye kupita Kasumbalesa haina bei moja na ile ya Kinshasa, na bei ya mwezi wa kwanza si ya mwezi wa sita. Wakikopi devi ya zamani, makuta yanaisha katikati ya kazi. Kijiji kinabaki na shule bila manjanja, na mujenzi anakata mishahara ya vibarua. Hapo njo sendika inaitwa, kumbe kosa lilianza kwa karatasi.

Wengine watasema: shule zetu hazina umeme, ordinateri zitatoka wapi? Waanze na daftari. Kila bei iandikwe pamoja na tarehe, fasi na duka. Mwanafunzi aende sokoni kila juma, alinganishe, aeleze juu ya nini bei imepanda. Kisha alinganishe devi na kile kilichojengwa kweli.

Tunaomba INBTP ya Kinshasa na shule za ufundi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi ziweke hayo ndani ya mitihani. Kompani nazo zitoe devi za kazi zilizokwisha, vijana wajifunzie pale, na wanakijiji wazione.

Shaba inatoka mara moja tu mu udongo. Makuta yake yakipotea kwa hesabu mbaya, hatutaichimba tena.