Siku Chache za Kijana wa Goma



Hakuna msiba usiosikika maneno haya: "Sote njia yetu ni moja." Ni maneno ya kweli, ila tumeyazoea mno hata hayatusumbui. Wapo waliokwisha kuyageuza kisingizio: maadamu tutakufa, basi na tule. Mpokea bahasha na mtoaji wake wanajua fika kwamba maisha ni mafupi. Ndiyo maana wana haraka.

Floribert Bwana Chui naye alijua. Alizaliwa Goma mwaka 1981, akakulia katika mji uliozoea risasi, wakimbizi na, mwaka 2002, moto wa volkano. Akapata kazi katika shirika la serikali ya Kongo linalokagua bidhaa. Mwaka 2007 alikataa fedha alizopewa ili auachie mchele ulioharibika upite mpakani. Alishawishiwa, akashurutishwa, hakukubali. Julai alitekwa, akateswa na kuuawa. Alikuwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri mjini Roma.

Watasema baadhi yetu: kijana amepoteza uhai kwa ajili ya mchele! Wamehesabu vibaya. Mchele ule ungalinunuliwa na mama asiyejua lolote, ukaliwa na watoto wake. Floribert hakumfahamu mama huyo. Lakini aliwafahamu watoto wa mitaani wa Goma, ambao aliwahudumia akiwa katika Jumuiya ya Sant'Egidio. Kwake yeye "mlaji" halikuwa neno la kwenye fomu. Naamini maana ya maisha hakuipata kwa kutafakari kifo, bali kwa watoto wale, kabla kifo hakijabisha hodi.

Hapo natofautiana na mahubiri mengi ya mazishini, yanayotuhimiza kujiandaa kana kwamba kufa ni safari ya kufunga mizigo. Sakramenti sizidharau, hasha! Lakini karani wa mizani na mwalimu anayesahihisha mitihani hujiandaa kila wanapotia sahihi.

Tena, viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, watu hao ni wetu. Twasali nao kila juma. Mmoja wao akikataa rushwa na kufukuzwa kazi, nani atawalipia watoto wake ada? Mfuko wa rambirambi tunao karibu kila mahali. Mfuko wa mtu huyo, aliye hai, sijauona.